Nakala za kila jioni bila kukumbushwa

Dada wa steshenari ya Ngamiani, uliyeuliza kompyuta itanakilije kazi za wateja kwenye diski ya nje kila jioni: usinunue programu, Windows ina robocopy tayari, amri ya kunakili mafaili. Fungua Notepad, andika mstari huu mmoja:

robocopy "D:\Kazi" "E:\Nakala" /E /R:2 /W:5 /LOG+:"E:\ripoti.txt"

Hifadhi kwa jina nakala.bat, na kwenye aina ya faili chagua All Files, la sivyo unapata nakala.bat.txt isiyofanya kitu. D:\Kazi ni folda la kazi za wateja, E:\Nakala ni mahali pa nakala kwenye diski ya nje, na /LOG+ inaandika ripoti ya kilichofanyika. /E inabeba na mafolda ya ndani. Mara ya kwanza itachukua muda. Baadaye inabeba yaliyobadilika tu. /R (mara za kurudia) na /W (sekunde za kusubiri) usiziache: bila hizo, robocopy ikikuta faili limefungwa na programu nyingine hurudia hadi mara milioni moja, kila baada ya sekunde 30. Utafunga duka uiache inahangaika!

Kuna watakaokwambia uweke /MIR. Mimi sikushauri. Hiyo hufuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo kwenye asili, kwa hiyo kijana akifuta CV za wateja mchana kwa bahati mbaya, jioni na diski nayo inazipoteza.

Kisha ingia Task Scheduler, programu ya Windows ya kuendesha kazi kwa ratiba, uiambie iendeshe nakala.bat kila siku saa 11:30 jioni (kompyuta iandikie 17:30). Kwa umeme wetu huu, weka tiki pale pa "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Na diski ipe herufi ya kudumu kwenye Disk Management (sehemu ya Windows ya kusimamia diski), maana E ikigeuka F hakuna kitakachonakiliwa.