Namba ya gari la zamani isiyoonekana DVLA

Pole ndugu. Umerithi gari la 1958 huko Uingereza, kadi ya zamani unayo, lakini DVLA, wakala wa serikali anayesajili magari huko, wanasema namba haimo kwenye mfumo. Usidhani kadi ni ya kughushi. Zamani magari yalisajiliwa na halmashauri za kaunti na majiji. Kazi hiyo ikahamishiwa kwenye kompyuta za makao makuu mjini Swansea miaka ya 1970, na mwaka 1983 uhamishaji wa kumbukumbu za zamani ukafungwa. Magari yaliyokuwa yamelala bandani yakaachwa nje ya mfumo.

Namba inaweza kurudishwa kwa fomu V765. Anza na klabu ya wamiliki wa magari ya aina hiyo inayotambuliwa na DVLA, maana wao ndio huthibitisha maombi. Namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma lazima ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo tafadhali usiisugue kutu kwa mashine kabla ya kuipiga picha!

Ukirudishiwa, huwezi kuihamishia gari jingine. Anayekuahidi kuiuza namba peke yake muepuke. Kama ndugu wanagombania urithi, muone wakili kwanza.