Una siku moja tu Addis? Oda za nyumbani zisubiri

Huku Dodoma ukishajulikana tu unaenda semina Addis Ababa basi simu haitulii, huyu anataka kahawa, yule anataka shuka la pamba, dada wa masjala kakutumia picha ya gauni na vipimo juu. Matokeo yake semina inaisha Alhamisi, ndege ni Jumamosi, ile Ijumaa nzima watu wanaimalizia kwenye soko la Merkato wakivutana bei, wakirudi ukiwauliza Addis ikoje wanakwambia kuna baridi. Basi!

Mi siku hizi zawadi nanunua jioni tukitoka kikaoni, kwenye maduka ya karibu na hoteli, kahawa iko kila supamaketi tena imefungwa vizuri. Gauni la vipimo nakataa mapema kabisa, anune tu. Ile siku ya mapumziko naiacha iwe ya mji.

Halafu usitake kuzunguka mji mzima, foleni itakula siku yako. Chagua upande mmoja. Ukiniuliza mimi nakwambia shika barabara ya Sidist Kilo, ita taksi ya Ride (ni kama Bolt tu) ikupandishe mpaka juu, afu we unashuka kwa miguu taratibu kuelekea Arat Kilo. Nasema kushuka kwa makusudi, Dodoma tupo kama mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari na Addis inapita 2,300, ngazi za ghorofa mbili tu unahema kama umetoka kupanda Mlimwa.

Pale Sidist Kilo ndani ya chuo kikuu kuna jumba lililokuwa ikulu ya Haile Selassie, sasa ni makumbusho, na chumba alichokuwa analala wamekiacha, kitanda kipo, mpaka bafu. Mkishuka kidogo mnakuta Makumbusho ya Taifa, ndo nyumbani kwa Lucy, yale mabaki ya mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyepatikana Hadar mwaka 1974, ana umri wa miaka milioni 3.2 hivi. Wanayoonyesha watu ni nakala, mifupa yenyewe imehifadhiwa, ila simama pale uangalie alivyokuwa mdogo, mita moja na kitu, hakufikii kifuani. Mi kilichonishika ni kwamba zile nyayo zetu za Laetoli kule Ngorongoro wataalamu wengi wanasema ni za jamii hiyo hiyo ya Lucy. Yani mifupa wanayo wao, nyayo tunazo sisi, na wengi wetu hatujafika kokote kati ya hizo sehemu mbili! Chini zaidi ni Arat Kilo, na kanisa la Utatu Mtakatifu alipozikwa Haile Selassie halipo mbali. Njiani simu iwe mfukoni, ukiona geti lenye askari usipige picha.

Sanamu ya Mwalimu Nyerere, ile iliyozinduliwa Februari 2024, ipo makao makuu ya Umoja wa Afrika, kwa hiyo kama kikao chenu ni huko huko piga picha siku ya kikao, usiitolee siku yako.

Kuhusu muda, Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, asubuhi ikipambazuka ni saa kumi na mbili, saa moja inafuata. Raha sana, mpaka uongee na dereva kwa Kiingereza. Akikwambia "two o'clock" huwezi kujua kakutafsiria au kasema ya kwao, mwenzangu mmoja alikaa mapokezi akisubiri gari lililokuwa limeshakuja likaondoka. Muulize tu, kabla ya chakula cha mchana au baada?

Chakula sasa. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga, hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo hoteli nyingi siku hizo utaletewa injera (ule mkate wao mwembamba laini kama chapati) na dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na mboga za rangi rangi, na mi naona ndo siku nzuri ya kula huko. Ukichoka kutembea tafuta pale penye mama anayekaanga kahawa mbichi kwenye kikaango, bisi pembeni, ubani unafuka. Atakuletea kikaango uvute ule moshi kwanza, ndo aende kutwanga. Vikombe ni vidogo ila huwa ni raundi tatu, ya mwisho wanaiita baraka, sasa ukinywa cha kwanza ukainuka umeondoka katikati ya shughuli. Tenga saa nzima.

Sweta lazima. Mwezi wa saba wakati huku kwetu ni upepo na vumbi, kule mvua inapiga karibu kila siku. Hela badilisha kidogo kidogo, birr ikibaki inasumbua. Na Bole, uwanja wa ndege, ni karibu sana na mjini ila isikudanganye, jioni foleni ipo na ukaguzi unaanzia mlangoni.