Mdogo wangu wa Sengerema, hujaibiwa

Juzi kijana wa Sengerema kaniandikia: "Kaka, nimenunua kompyuta nifungue steshenari, WordPad siioni. Nimeibiwa?" Hapana. Microsoft walitangaza Septemba 2023 kwamba WordPad, programu yao ya kuandikia, hawaiendelezi tena, na Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 likatoka bila hiyo.

Habari ile iliniuma, maana WordPad imenilisha. Ilikuwemo ndani ya Windows tangu 1995, na kompyuta yangu kuukuu pale Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, haikuwa na kingine cha kuandikia barua ikapendeza. Mikataba ya kuuziana mitumbwi, barua za kuomba kazi viwanda vya minofu ya sangara, yote nilichapa humo. Haisahihishi tahajia, basi nikazoea kumsomea mteja kila mstari kwa sauti kabla ya kuprinti. Naona fahari kusema hivyo: barua zangu hazikurudi.

Baadaye nikaajiriwa steshenari moja mjini. Akina mama wauza dagaa wakaleta katiba ya kikundi chao kwenye fleshi, imeandikwa kwa Word. Nikaifungua kwa WordPad. Likatokea onyo kwamba huenda baadhi ya vitu visionekane. Sikulisoma. Nikabadili jina la mwenyekiti, nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikaprinti. Namba za kurasa zote zimepotea! Karatasi zikaanguka, zikachanganyika, na yule mama mkubwa akakaa kwenye benchi akizipanga upya kwa kusoma moja moja, bila kuninenea neno. Bosi alinifukuza papo hapo. Kufukuzwa nimesamehe. Ukimya wa yule mama bado ninao.

Kwa hiyo, mdogo wangu, weka programu ya kuandikia iitwayo LibreOffice. Ni ya bure, na mafaili ya zamani ya RTF, yale ya WordPad, inayafungua. Kazi ya mteja itolee nakala kwanza, uguse nakala, ya asili iache ilivyo. Na onyo likitokea, lisome! Vijana mnabonyeza tu, mnabonyeza tu, mkitaka mia tano ya haraka, wakati mtu amekukabidhi katiba ya watu ishirini. Nakala kwanza. Narudia: nakala kwanza.

Ukikwama, njoo Kirumba Jumamosi na hiyo kompyuta. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, hutasubiri kivuko.