Usisubiri, mpeleke mtoto apimwe damu leo

Pole sana, mama. Mwanao wa miaka 6 mwenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) alipata mafua na homa, homa ikaisha, sasa amepauka na anachoka kwa hatua chache tu. Unauliza kama umpe dawa ya kuongeza damu na usubiri. Hapana, nenda hospitali leo.

Wangu alianza hivyohivyo. Kuna kirusi, pavovirusi B19, kinachosimamisha uboho wa mifupa usitengeneze chembe nyekundu kwa wiki moja hivi. Chembe za kawaida huishi takriban siku 120, za watoto wetu 10 hadi 20 tu, kwa hiyo damu hushuka haraka sana. Asidi ya foliki, ile dawa ya kuongeza damu, haizuii hilo.

Omba wapime hemoglobini (kiwango cha damu) pamoja na chembe nyekundu changa (retikulosaiti). Hiki cha pili ndicho kitakachoonyesha kama uboho umesimama, na kwetu kilisahaulika mwanzoni, kwa hiyo kitaje mwenyewe. Huenda akahitaji kuongezewa damu. Uamuzi huo ni wa daktari. Mara nyingi uboho huamka wenyewe baada ya hapo.

Akihema kwa shida, moyo ukienda mbio, akilegea, au bandama ikivimba chini ya mbavu za kushoto, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Mdogo wake uliyemtaja, kwa kuwa naye ana selimundu, apimwe pia. Na wajawazito wakae mbali na mgonjwa, maana kirusi hiki kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.