Jibu: Uapisho wa kwanza wa rais wa Marekani kurushwa redioni, ni 1923 au 1925?

Salama mkuu. Umesema unaandaa chemsha bongo na umekwama kwa Rais Calvin Coolidge, huku unaona 1923 kule 1925. Mi nilishakwama hapohapo nikiwaandalia wanafunzi maswali, kwa hiyo nakuelewa kabisa.

Cha kwanza angalia kama tarehe ni ya kiapo tu au ya sherehe. Coolidge aliapa 1923, akaapa tena 1925. Agosti 1923 Rais Harding alifia San Francisco, makamu wake Coolidge yuko kwa baba yake kijijini Vermont, wakamuamsha usiku wa manane akala kiapo sebuleni kwa mwanga wa taa ya mafuta, na aliyemuapisha ni baba yake mzazi maana mzee alikuwa na mamlaka ya kuapisha watu. Hiyo picha huwa inanigusa sana. Hapo hakuna redio iliyorusha.

Ya redio ni sherehe ya 4 Machi 1925 baada ya kushinda uchaguzi, na hapo kuna swali lingine zuri: aliyemuapisha ni Jaji Mkuu Taft, rais mstaafu wa kwanza kumuapisha rais mwingine.

Ukitaka kuongezea, Harding 1921 alikuwa wa kwanza kwenda kuapishwa kwa gari, Truman 1949 ndo televisheni, Clinton 1997 intaneti. Ila usiweke 20 Januari kwa yeyote kabla ya Roosevelt 1937, zamani ilikuwa Machi, na Washington mwenyewe aliapa 30 Aprili 1789 kwenye roshani New York.