Nasoma Kifaransa kwa simu, mbona wageni siwaelewi?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Nina miaka 41, natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Mwezi wa tano huu najifunza Kifaransa kwa programu ya simu, kila usiku baada ya Isha. Kusoma nasoma, lakini mgeni akifungua mdomo siambulii kitu. Juzi familia moja iliniambia niwafuate hoteli saa nane mchana, mimi nikasikia saa nne asubuhi. Nikakaa mapokezi masaa manne. Au ndiyo umri ushanipita?

Jibu: Waalaykum salaam, kaka. Umri haumo katika hili. Wao walikwambia "deux heures", yaani saa 2 ya kizungu, wewe ukasikia "dix heures", saa 10 ya kizungu. Ukiyaandika yanatofautiana vizuri tu, lakini sikioni x ya yote mawili inageuka z mbele ya "heures", na h yake haina sauti kabisa. Inabaki irabu moja ya kukuokoa. Ya "dix" ni i yetu. Ya "deux" sisi hatuna: sema e huku midomo umeiviringa kama unayetaka kusema o.

Programu yako imekusomesha kwa macho, na macho yetu yamezoea kwamba kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Kifaransa kinameza herufi za mwisho. "Il parle" (anasema) na "ils parlent" (wanasema) sauti ni ile ile. "Beaucoup" (sana) ni boku. Na lile swali unaloulizwa kila mkifika kwenye mti, "Qu'est-ce que c'est ?" (hiki ni nini?), linakufikia keskese.

Basi anza na sikio. Chukua mazungumzo ya dakika moja yenye maandishi yake; televisheni ya Kifaransa ya TV5MONDE wanayo bure kwenye tovuti yao ya mafunzo, kuanzia ngazi ya A1, ya wanaoanza kabisa. Sikiliza mara tatu, maandishi umeyafunga. Andika ulichosikia kwa tahajia ya Kiswahili, hata kikiwa kichekesho. Ndipo ufungue maandishi na ukate kila herufi iliyomezwa. Kisha sema pamoja na msemaji, kwa sauti, mpaka mwende sawa. Watu huiruka hatua hii kwa haya, khasa watu wazima wenye watoto ndani ya nyumba. Nenda kaseme uwani.

Majina ya viungo yashike pamoja na "le" au "la" yake: la cannelle ni mdalasini, le poivre pilipili manga, la cardamome hiliki, le clou de girofle karafuu. Jinsia za majina ni mbili tu, "le" ya kiume na "la" ya kike. Aliyelelewa na ngeli zetu hana la kuogopa hapo.

Programu haitakusahihisha kama mtu. Mjini hukosi Mngazija aliyesoma kwao, na Komoro skuli husomesha kwa Kifaransa. Muombe akutumie ujumbe wa sauti kila siku, sentensi mbili tu, nawe umjibu kwa sauti. Atakucheka wiki ya kwanza.

Na kuhusu saa, Wafaransa wenyewe hutumia sana mtindo wa saa 24. Ukiambiwa kitu kama "deux heures", rudisha swali: "Quatorze heures ?" Hiyo ni saa nane mchana, na haifanani na "dix" hata kidogo. Ukibaki na shaka, mpe kalamu akuandikie: 10 h au 14 h.