Maswali ya wasomaji: kuongoza okestra na kufundisha muziki

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 22, nafundisha kwaya ya vijana 30 hapa Chumbageni, Tanga. Solfa (do, re, mi) naisoma vizuri, ila nota za mistari mitano nabahatisha. Nataka kuongoza okestra na kufundisha muziki iwe ndiyo kazi yangu. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Watu 30 wanaokusubiri kila wiki ni mtaji mkubwa, maana kuongoza hakujifunzwi mbele ya kioo. Pengo lako ni kusoma. Solfa inakuonyesha do ilipo kwenye wimbo wa sauti nne, lakini ukurasa wa okestra hubeba mistari 12, 20 na zaidi kwa pamoja, na ala kadhaa haziandikwi zinavyosikika. Klarineti ya B flati ikiandikiwa C, inayotoka ni B flati. Honi ya F ikiandikiwa C, inatoka F ya chini yake. Mwongozaji asiyejua hilo hawezi kumwambia mpigaji kosa liko wapi, na wapigaji hulitambua siku ya kwanza tu.

Kwa hiyo kila wiki chukua wimbo mmoja wa kwaya yako, uuhamishe kwa mkono kutoka solfa kwenda mistari mitano. Kaa kwenye kinanda upige soprano na bezi pamoja, kisha alto na sauti ya tena (ya wanaume wa juu). Ukizoea, piga sauti tatu huku ukiimba ya nne. Dakika 40 kila siku zinafaa kuliko saa tano za Jumamosi. Wakati huohuo shika ala moja kwa dhati. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina ngazi 1 hadi 8, na kabla ya kufanya ya 6 ya ala kwa kawaida hudaiwa uwe umefaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mbadala wake, kwa hiyo usiiache nadharia nyuma. Ipo pia aina ya mtihani unaojirekodi kwa video na kuituma.

Kwa shule, TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni) pale Bagamoyo inafundisha muziki tangu ikiwa Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha kinayo ya muziki. Shahada ya uzamili ya uongozaji itakupeleka nje, na huko kwa kawaida hudai video kwanza, kamera ikikutazama usoni na si mgongoni. Anza kujirekodi hivyo sasa, ukifundisha na si ukitumbuiza tu, kwa sababu wanataka kuona unavyosikia kosa na kulirekebisha.

Kuhusu riziki tuseme wazi: okestra zenye kumlipa mwongozaji mshahara ni chache hata Ulaya, na wengi walioko kwenye kazi hii hula kwa kufundisha. Ukiona ufundishaji ni kituo cha kupitia tu, utachoka mapema.

Nasoma muziki Bagamoyo. Nikiongoza kundi letu, mwanzo unachanika: ngoma zinaingia, fidla zinafuata, tarumbeta mwisho. Katikati tunakuwa sawa. Kosa ni la nani?

Kosa ni lako, kaka, na mpangilio huo unatuonyesha hasa lilipo. Mpiga ngoma hahitaji pumzi, akiona mkono unashuka anapiga. Mpiga tarumbeta lazima avute pumzi kwanza, naye huivuta pale wewe unapomwonyesha. Hujamwonyesha. Mkono wako unapanda bila kuonyesha mwendo (kasi) wa wimbo, halafu unashuka ghafla.

Pigo la maandalizi, yaani lile la mkono kabla ya sauti ya kwanza, ndilo lenye kila kitu. Wimbo ukiwa wa mapigo manne na unaanzia la kwanza, la maandalizi ni la nne, na urefu wake lazima ulingane kabisa na pigo unalolitaka. Ukipandisha polepole na kushusha haraka umetoa miendo miwili, na kila mpigaji atachagua wake.

Kabla hujainua mkono, imba kimoyomoyo ile sehemu yenye nota nyingi zaidi, kwa sababu ndiyo inayoamua mwendo. Ukichukua mwendo kutoka mwanzo mtulivu, mtakwama huko mbele. Weka mikono usawa wa kifua, tulia sekunde moja au mbili, watazame wa tarumbeta machoni. Kisha panda huku ukivuta pumzi kwa mdomo, waione, na ushuke hadi palepale kila mara. Acha kuhesabu "moja, mbili" kwa sauti: ukihesabu, masikio yatakufuata na macho yatarudi kwenye karatasi.

Fanya zoezi hili kwenye meza ya chakula. Weka metronomu (kipima mwendo) ya simu kwenye mapigo 72 kwa dakika, gonga meza kwa ncha za vidole, mkono udunde juu kiasi cha kiganja na urudi. Ubao wa meza unakufundisha mahali pa kugonga, kwa sababu mkono unaogonga hewani leo juu, kesho chini, haueleweki. Baada ya siku chache jirekodi ukiwa na kundi, zima sauti, mpe mtu asiyeujua wimbo apige makofi kwa kuutazama mkono tu. Akipotea yeye, kundi nalo linapotea hapohapo.

Shule yetu ya msingi hapa Ngamiani ilipewa fidla sita. Masika imeingia, vigingi vya kukazia nyuzi vimekwama na fidla moja imeachia ubavuni. Seremala anataka kuibandika kwa gundi ya mbao. Tumruhusu?

Hapana, mwalimu, asiiguse. Fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi ili iweze kufunguliwa siku ya matengenezo. Unyevu na joto huilegeza, na afadhali iachie gundi kuliko upasuke ubao. Gundi ya mbao haiachii tena. Unyevu ukirudi, utapasuka uso wenyewe. Legeza nyuzi kidogo, lakini usizitoe zote kwa mpigo: ndani kuna kijiti kilichosimama kwa kubanwa tu, na kikianguka kukirudisha ni kazi ya fundi wa fidla. Kigingi kilichokwama kivute nje taratibu huku ukikizungusha, ukipake sabuni kavu ya mche pale kinapogusana na ubao. Kinachoteleza kipake chaki. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, upepo wa bahari huleta kutu, na upinde ulegezwe kabla ya kufunga kasha.

Kikundi chetu cha taarabu Tanga kina kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), fidla mbili na kinanda. Nyimbo nyingine fidla husikika kama zinakosea. Tuweke mwongozaji mbele?

Mzee wetu, shikamoo. Wapiga fidla huenda hawakosei. Maqamu (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast na Bayati yana sauti zinazokaa katikati ya vidude viwili vya kinanda, ambazo fidla huzifikia kwa kidole na kanuni kwa vile vishikizo vyake vidogo. Kinanda cha kawaida hakina. Ajam, Nahawand, Kurd na Hijaz huchukuana nacho vizuri. Katika Rast na Bayati kinanda kinyamaze kwenye sauti hizo au kishike ya msingi tu. Mwongozaji wa mbele hamumhitaji: kwa kundi la ukubwa wenu, mpiga kanuni aketi mahali ambapo fidla zote mbili zinaiona mikono yake, na yeye ndiye aanzishe.